Kilwa Kisiwani Kutoka Angani: Tulipotafuta Picha Iliyopotea

Msafiri atokaye Dar es Salaam kuelekea kusini hukata takriban kilomita 300 kabla ya kufika Kilwa Masoko. Ng'ambo ya mji huo, umbali wa kama kilomita mbili za maji, ndipo kilipolala kisiwa cha Kilwa Kisiwani. Anayetaka kuzuru magofu huchukua kwanza kibali, kisha huteremka gatini kupanda chombo. Anapokikaribia kisiwa, jengo linalompokea ni Gereza, ngome iliyosimama ukingoni kabisa mwa bahari.

Hapa palikuwa na dola. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, wakati dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipita mikononi mwa wafanyabiashara wa mji huu. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11, ulipanuliwa katika karne ya 14 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwaka 1981 magofu haya, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuanzia 2004 hadi 2014 yaliwekwa miongoni mwa turathi zilizo hatarini.

Tulikwenda tukiwa kundi la vijana wa madrasa, mwalimu wao wa ufundi, na sisi wa kamati. Kusudi letu lilikuwa moja. Mtu akisimama baina ya kuta haoni mji. Anaona ukuta mmoja, kisha mwingine. Tulitaka watoto wetu waone kwa mtazamo mmoja msikiti, makazi na ufuo, na waone pia bahari imesogea kiasi gani. Kwa ajili hiyo vijana walikuwa wameunda ndege ndogo ya povu inayoongozwa kwa redio, yenye kamera puani. Vibali vya kuirusha vilikuwa vya siku moja tu, na nahodha alikwisha tuambia kuwa lazima tuondoke kabla maji hayajatoka.

Ni vyema msomaji afahamu picha husafiri vipi. Kamera huona na kuipeleka picha kwa waya hadi kwenye transmita. Transmita huirusha hewani kupitia antena. Risiva iliyo ardhini huidaka na kuionyesha kwenye skrini. Huo ni mnyororo, na pete moja ikilegea, skrini haina cha kuonyesha.

Asubuhi, kule Masoko, picha ilikuwa safi. Lakini ndege ilipopaa juu ya Msikiti Mkuu, skrini iliingia giza, ikarudi, ikaingia giza tena. Aliyekuwa akiiongoza hakuwa akiitegemea skrini. Aliifuata kwa macho, akaishusha salama nyasini. Hapo maneno yakaanza. "Ustadhi, ni huyu aliyeunga nyaya," alisema mmoja wa wakubwa, akimwelekea kijana wa miaka kumi na sita aliyeifanya kazi ya kulehemu. Kijana aliinamisha kichwa, hakujibu. Wengine wawili walikwisha anza kukumbushana makosa yake ya zamani.

Mwalimu akawanyamazisha. "Mwenzenu msimhukumu kabla hatujaziuliza nyaya zenyewe," alisema. Tulimuunga mkono, kwani kubainisha jambo kabla ya kumtia mtu hatiani ni adabu tunayoifundisha kila siku, na haistahili kubaki darasani.

Kwanza iling'olewa panga ya mota, ili mkono wa mtu usije ukakatwa. Kisha ilihakikishwa kwamba antena imekazwa mahali pake kabla ya kuwasha betri, kwa kuwa transmita ikiwashwa bila antena huweza kupata joto na kuungua. Baada ya hapo skrini ikaangaliwa kwa makini. Transmita ilipokuwa imezimwa, skrini ilijaa chenga. Ilipowashwa, chenga zilitoweka, likabaki giza tulivu.

Alama hiyo ndogo ilitufungulia nusu ya njia. Chenga ni dalili kwamba risiva haipati kitu. Giza tulivu ni dalili kwamba mawimbi yanafika, ila hayakubeba picha. Basi antena, risiva na skrini zilikuwa salama. Wapo waliodhani kuta nene za msikiti zimeyazuia mawimbi, na ni kweli kwamba mawimbi ya aina ile hayapenyi vizuri ukuta wa mawe. Lakini ukuta ungeleta chenga. Na lau umeme wa mota ungekuwa ndio unaovuruga picha, tungeona michirizi inayozidi kila kasi inapoongezwa. Ilibaki kamera, au njia ya kuifikia.

Mwalimu alimkabidhi mita yule kijana mwenyewe. Akapima pale alipounga kwa risasi: volti 5, zimetulia. Akautikisa waya, hazikupungua. Akapima mwisho wa waya unaoingia kwenye kamera: volti 5, lakini waya ulipotikiswa kidogo, zikaporomoka. Hakukubadilishwa kitu kingine chochote ila waya ule mmoja mfupi, kwa kuwa atakayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hatajua ni kipi kilichokuwa kibovu. Picha ikarudi. Waya wa zamani ulipochunguzwa, ndani ya plagi yake mlionekana kutu ya kijani kwenye shaba, kazi ya hewa ya chumvi. Ulipotulia, umeme ulipita. Ndege ilipotetemeka angani, ulikatika.

Yule mkubwa aliyetangulia kumtuhumu alisogea, akasema mbele ya wote, "Niwie radhi, mdogo wangu." Kijana akatabasamu, akaendelea kuirudisha panga ya mota.

Ndege iliruka mara ya pili, na Kilwa ikafunguka. Tuliziona kuba za Msikiti Mkuu zikiwa zimepangana, na upande wa kaskazini, ulio mkongwe zaidi, ukiwa wazi bila paa. Tuliziona kuta za Makutani, minazi, nyumba za wanakijiji wanaoishi pembezoni mwa historia hii, na mikoko iliyoshika ufuo. Kisha ndege ikapita kando ya Gereza. Kutoka ardhini tulikwisha jua kwamba bahari iko karibu. Kutoka juu tuliona kwamba baina ya mawe na mawimbi hakuna nafasi ya kuchezea. Vijana waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza.

Kwa wazazi ambao watoto wao wana vyombo kama hivi pwani, tunausia mambo mawili. Vihifadhiwe ndani ya kisanduku kikavu chenye kifuniko, na plagi zake zikaguliwe kila kabla ya safari. Na kikiharibika, mtoto asikimbilie kununua kamera mpya; aifuate njia ya picha pete kwa pete, akianzia pale anapopata uhakika.

Nahodha alipotuita, maji yalikwisha anza kutoka. Tukiwa chomboni, yule kijana aliandika mpangilio wa vipimo vyote kwenye karatasi, na siku iliyofuata akaibandika ndani ya kifuniko cha kisanduku cha ndege. Juu yake ameandika: "Anza na chenga au giza."