Mukeke na Ndagala: mechi moja, inchi mbili

UVIRA. Kabla ya mwezi wa pili 2025, ndugu wawili wa kartie Mulongwe walicheza mpira wa telefone karibu kila jioni mbele ya kabini ya mkubwa, pale anapouza inite na kuchaji telefone za majirani. Mkubwa ana miaka 21, mdogo 14. Kwenye mchezo mkubwa anaitwa Mukeke, mdogo anaitwa Ndagala. Hawakutumia hata mega moja. Mkubwa alifungua hotspoti, mdogo akaandika 192.168.43.1, mechi ikaanza. Namba hiyo vijana wengi wanaijua kwa kichwa, kama namba ya mama.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Ni PES 2014, uliotengenezwa kwa PSP, mashine ndogo ya mkononi ambayo Sony ilianza kuiuza Japani mwezi wa 12, 2004. Sasa watu wanaucheza kwa PPSSPP, programu iliyoanzishwa na Henrik Rydgård mwaka 2012, inayoifanya telefone ijione kuwa PSP. Mwaka 2025 vijana walibadilisha majina na jezi ndani yake ili Bakambu aonekane anachezea Betis. Lakini kitu kimoja hakikubadilika. PSP mbili zilichezeana bila waya zikiwa karibu tu, hatua chache. Mchezo haujui inchi wala mpaka. Unajua walio katika chumba kimoja, basi.

Bukavu ilipoanguka katikati ya mwezi wa pili, mama na mdogo walikuwa Kamanyola kwa msiba. Walivuka Rusizi na watu wengine, wakalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, kisha wakapelekwa kambi ya Musenyi, katika uliokuwa mkoa wa Rutana. Mkubwa alibaki Uvira kulinda nyumba na kabini.

Mama alipopiga simu alikuwa na habari nyingi: mvua, foleni ya chakula, nani ameonekana, nani bado. Mdogo alipopewa telefone alisema, «Tuko wazima, yaya,» akairudisha. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Mwezi wa tano aliandika meseji yake ya kwanza: «Yaya, namba ile ya hotspoti haishike huku.»

Haiwezi kushika. 192.168.43.1 ni anwani ya ndani tu, na Burundi pia kuna telefone nyingi zenye namba ileile. Tena makampuni ya simu hukusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Mtu wa mbali akipiga hodi, mlango haujui umwite nani.

Mkubwa aliuliza kwa mafundi wa telefone sokoni, na mmoja akamwonyesha ZeroTier. Hiyo ni programu inayochora chumba cha uongo juu ya intaneti. Kila telefone inayoingia inapewa anwani mpya, na zote zinaaminishwa kwamba zimeunganishwa mahali pamoja. Chumba kina jina la herufi na tarakimu 16, na mwenye chumba lazima amruhusu kila anayeomba kuingia. Mkubwa aliziandika zote 16 katika meseji. Mdogo alikosea moja, akaomba kwenye chumba kisichokuwapo, akangoja jioni mbili.

Alipoingia, mechi iligoma kwa sababu nyingine. Faili za mchezo hazikuwa sawa. Ya mdogo ilikuwa na timu za msimu wa nyuma, na michezo hii inataka pande zote mbili zilingane kabisa. Kutuma faili nzima kwa mega kungekula faida ya kabini ya siku nyingi. Kwa hiyo kadi ya memori ilifungwa katika kitambaa, ikapewa mama mmoja mchuuzi anayevuka Kavimvira kwenda Bujumbura, naye akampa dereva wa kwenda Rutana. Ilifika baada ya mwezi. Watu wanaosema intaneti imemaliza umbali hawajawahi kungoja kadi ya memori.

Mama hakufurahi. Alipiga simu na kusema wazi: «Papa, pesa ya mega ni pesa ya chumvi. Kama unayo, tuma tununue chumvi.» Na alikuwa na haki. Mkubwa hakubishana. Waliafikiana mechi moja kwa wiki, siku ya posho, na pesa ya chumvi itangulie.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mchezo ulifunguka. Haukuwa ule wa mbele ya kabini. Telefone zikishindwa kuonana moja kwa moja, ZeroTier inapitisha kila kitu kwa mashine za mbali, labda bara jingine, kisha inarudisha Musenyi. Mukeke akibonyeza kupiga shuti, mchezaji anasimama kidogo, kama anayefikiri, ndipo anapiga. Wakati huo beki ameshafika. Wote wawili walijifunza kupiga mapema, kabla nafasi haijaonekana.

Kipindi cha kwanza kiliisha 1–1. Wakati wa mapumziko mdogo aliandika meseji ndefu kuliko zote tangu avuke: kwamba goli la yaya lilikuwa ofsaidi, kwamba kambini yuko mtoto wa Luvungi anayecheza vizuri kuliko wote wawili, kwamba ameanza tena shule, kwamba usiku bado anasikia mto.

Mkubwa alisoma mara mbili. Alipomaliza kujibu, kioo kilikuwa kimeganda. Rezo ilikatika Musenyi, au chaji iliisha.

Kabini ina daftari la madeni. Katika ukurasa wa mwisho, chini ya majina ya majirani wanaodaiwa inite, kumeandikwa: Mukeke 1, Ndagala 1, dakika 45. Jumamosi iliyofuata Ndagala alituma meseji mapema: mchezo uanze upya 0–0, maana goli lile lilikuwa ofsaidi. Mkubwa amekataa.