Barbados: Yampasayo Msafiri Kuyajua Kabla ya Kufunga Mizigo

Wengi wetu tukisikia habari za visiwa vya bahari ya Karibi hudhani ni mahali pa matajiri wa Ulaya na Marekani tu, watu waendao kulala juani na kurudi kwao. Lakini siku hizi wako watu wa Afrika ya Mashariki waliojiwekea akiba kidogo kidogo, nao huuliza: Je, likizo ya namna hii hupangwaje? Na katika visiwa vingi vile, mtu achague kipi?

Makala haya yataeleza habari za kisiwa kimoja tu, Barbados, kwa sababu mbili. Kwanza, ni kisiwa kidogo, na mtu mwenye siku kumi aweza kukiona chote bila kukimbizana na saa. Pili, wenyeji wake, zaidi ya tisa katika kila watu kumi, ni wa asili ya Afrika. Walipelekwa huko babu zao kwa nguvu, wala hawakupata njia ya kurudi. Mwafrika aendaye Barbados kwa hiari yake, na tikiti ya kurudi mfukoni, yafaa ajue anaingia nyumba ya nani.

MAHALI KILIPO

Barbados ndicho kisiwa kilicho mbali kabisa upande wa mashariki katika visiwa vya Karibi. Kimejitenga na wenzake, na mawimbi ya Atlantiki hukipiga bila kizuizi. Urefu wake ni kilomita 34 na upana wake kilomita 23, na eneo lake lote ni kilomita za mraba 430 hivi. Kisiwa chetu cha Pemba chakizidi zaidi ya mara mbili, na Unguja zaidi ya mara tatu. Watu wake wapata 280,000.

Visiwa vingi vya jirani ni vilele vya milima ya moto, lakini Barbados kwa sehemu kubwa ni mwamba wa matumbawe, kama ilivyo ardhi ya pwani yetu. Mlima wake mrefu, Mount Hillaby, haufiki hata mita 350. Mvua inyeshapo huzama katika mwamba na kuchujwa humo, kwa hiyo maji ya bomba hunywewa bila wasiwasi. Apendaye kuona kazi ya maji hayo chini ya ardhi na aende kwenye pango liitwalo Harrison's Cave.

KUCHAGUA MWEZI

Jambo la kwanza katika kupanga safari ni mwezi wa kwenda. Kiangazi huanza Desemba hata Mei. Wakati huo anga ni safi na upepo ni mwanana, lakini kuanzia katikati ya Desemba hata katikati ya Aprili bei za hoteli hupanda sana, kwa kuwa watu wa nchi za baridi hukimbilia huko kwa wingi. Mwenye fedha za kuhesabu atafanya vyema kwenda Mei, wakati bei zimekwisha shuka na mvua bado kuwa nyingi.

Tangu Juni hata mwisho wa Novemba ni majira ya mvua, tena ni majira ya tufani. Kwa sababu ya mahali kilipo, Barbados hupona mara nyingi kuliko majirani zake. Tufani iitwayo Janet ilikipiga kisiwa mnamo Septemba 1955 na kuua watu, kisha ikapita miaka mingi hata Elsa ilipofika Julai 2021. Mwanzoni mwa Julai 2024 tufani Beryl ilipita upande wa kusini bila kugusa nchi kavu ya Barbados, lakini mawimbi yake yalivunja na kuzamisha mashua nyingi za wavuvi zilizokuwa bandarini Bridgetown. Basi, achaguaye miezi hiyo kwa ajili ya bei nafuu na akate bima ya safari, tena aulize kwa maandishi kama hoteli itamrudishia fedha zake tufani ikitokea. Na akifika baada ya msiba kama ule, asinung'unike akiambiwa samaki ni haba.

Wako pia wapendao kwenda wakati wa sikukuu ya Crop Over, ambayo asili yake ni furaha ya kumaliza kuvuna miwa. Hufikia kilele chake Jumatatu ya kwanza ya Agosti, kwa ngoma na mavazi ya kila rangi barabarani. Atakaye kuiona na aweke nafasi ya kulala miezi mingi mbele.

NJIA NA HATI

Hakuna ndege iendayo moja kwa moja kutoka Afrika ya Mashariki. Msafiri hupitia London au New York, kisha hupanda ndege nyingine. Hapa ndipo wengi hukwama: viza ya Barbados ni jambo moja, na ruhusa ya kupita katika nchi ya katikati ni jambo jingine. Hata asiyetoka nje ya kiwanja cha ndege aweza kudaiwa ruhusa hiyo. Aulize balozi zote mbili kabla ya kununua tikiti, wala asitegemee maneno ya rafiki aliyesafiri mwaka juzi. Tena asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo.

Saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa saba: ikiwa Nairobi ni saa sita mchana, Barbados ni saa kumi na moja alfajiri. Fedha yao ni dola ya Barbados, na tangu mwaka 1975 dola mbili zake ni sawa na dola moja ya Marekani. Magari hupita upande wa kushoto kama kwetu. Tena kuna sheria ambayo wageni wengi hawaijui: ni marufuku kwa raia, hata mtoto mdogo, kuvaa nguo za madoadoa kama za askari wa vitani.

Asiyetaka kukodi motokaa hatapata taabu. Basi za serikali ni za buluu. Basi ndogo za watu binafsi ni za manjano. Na yako magari madogo meupe yenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, yaendayo mbio na muziki mkubwa, ambayo mtu wa Nairobi atayatambua mara moja kuwa ni ndugu wa matatu. Nauli ni moja, safari iwe fupi au ndefu. Kwenye vituo vingi vimeandikwa maneno ya kuonyesha kama basi linakwenda mjini au linatoka mjini, na kwa kisiwa kidogo kama kile maelezo hayo yatosha.

UFUKO NI WA NANI?

Upande wa magharibi bahari ni tulivu, na huko ndiko kwenye hoteli za fahari. Kusini mawimbi ni ya kadiri, na kuna nyumba za wageni za bei ya wastani. Mashariki, penye kijiji cha Bathsheba, bahari ni kali mno. Hupendeza kwa macho, lakini asiye mwenyeji asithubutu kuogelea huko. Tangu mwaka 2011 mwani mwingi wa rangi ya kahawia umekuwa ukiletwa na mikondo ya bahari, hasa pande za mashariki na kusini, na mwaka mwingine hujaa hata harufu yake huwasumbua watu.

Fuko zote za Barbados ni za watu wote. Hoteli yaweza kumiliki bustani na viti, lakini mchanga na maji ni haki ya kila mtu. Mambo si hivyo kila mahali. Katika Jamaica, sheria ya mwaka 1956 haikuwapa wananchi haki ya jumla ya kufika pwani, na jambo hilo limeleta ugomvi wa miaka mingi. Hata Barbados penyewe watu hulalamika kwamba majengo marefu huziba vijia vya kushukia baharini, kwani haki ya kukaa mchangani haina faida kwa mtu asiye na njia ya kuufikia. Wasomaji wetu wa Pwani hawahitaji kufafanuliwa neno hili.

Kwa hiyo kuchagua mahali pa kulala si habari ya bei peke yake. Ziko hoteli ambazo mgeni hulipa kila kitu mara moja kabla hajaondoka kwao, kisha hula, hunywa na hucheza ndani ya ua hata siku ya kurudi. Mgeni wa namna hiyo aweza kuondoka bila kununua embe moja kwa mama wa sokoni. Alalaye katika nyumba ya mwenyeji, apandaye basi, alaye Oistins siku ya Ijumaa usiku wanapochoma samaki, fedha yake hupita katika mikono ya watu wa kisiwa.

Onyo moja la pwani: kuna mti uitwao manchineel, wenye matunda madogo ya kijani yafananayo na tofaa. Matunda yake ni sumu, na utomvu wake huunguza ngozi. Hata mvua idondokayo katika majani yake huunguza, basi mtu asijikinge chini yake. Mingi imetiwa alama ya rangi nyekundu.

MAMBO YA KUKUMBUKWA

Waingereza walianza kukaa Barbados mwaka 1627. Baada ya miaka michache waligeuza karibu ardhi yote kuwa mashamba ya miwa, wakaleta Waafrika kuyalima. Wengi walitoka Afrika ya Magharibi, si pwani yetu. Sheria ya mwaka 1661 iliwahesabu kuwa mali, na makoloni mengine yaliiga sheria hiyo. Aprili 1816 watumwa waliasi, wakiongozwa na mtu aliyeitwa Bussa. Uasi ulizimwa, na wengi waliuawa. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, ingawa uhuru kamili haukupatikana mpaka 1838. Sanamu ya mtu aliyekata minyororo, kazi ya Karl Broodhagen, ilisimamishwa mwaka 1985, na wananchi huiita Bussa. Nchi ilipata uhuru mwaka 1966, na tarehe 30 Novemba 2021 ikawa jamhuri, Sandra Mason akiwa Rais wa kwanza.

Mahali pasipokosa kutembelewa ni Newton, si mbali na kiwanja cha ndege. Ni uwanja wa majani tu, lakini chini yake wamelala Waafrika wapatao 570, bila mawe yenye majina. Wataalamu walipochimba sehemu yake katika miaka ya 1970 walimkuta mzee mmoja aliyezikwa na kiko cha udongo na mkufu wa kauri, meno ya mbwa, shanga za kioo na ushanga mkubwa wa akiki. Yaonekana wenzake walimheshimu, nao, ingawa hawakuwa na mali yoyote, walimzika kwa heshima hiyo.

Lakini msafiri asidhani atakwenda kulia tu. Katika bustani ya Queen's Park, Bridgetown, ataona mbuyu mkubwa ajabu, mti wa kwetu uliovuka bahari. Mezani ataletewa cou-cou, ambayo ni ugali wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia kwa mwiko wa mti, na kando yake samaki wale warukao juu ya maji. Mashelisheli atayakuta ya kuchoma. Na akikaa na wazee wapenda kriketi, atasikia sifa za Garfield Sobers. Naye aweza kuwakumbusha, kwa adabu, jinsi Kenya ilivyoishinda West Indies katika Kombe la Dunia mwaka 1996. Hapo mazungumzo hayatakwisha upesi.

Basi, mwenye nia ya kwenda aanze mwaka mmoja mbele: achague mwezi, atengeneze hati, akate bima, atafute nyumba ya mwenyeji, na atenge siku moja ya kwenda Newton. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamefika Barbados kwa karne nne, na si wote waliomponya mwenyeji. Sisi tukienda, twende kwa namna ambayo watafurahi kutuona tena.