Vipande vya Limau: Ukali Uwe wa Kiasi



Hapa Msata barabara mbili zinakutana. Moja inatoka Bagamoyo, mwendo wa kilomita 64. Nyingine inatoka Chalinze kwenda Segera. Magari ya Tanga, Moshi na Arusha hupita hapa. Abiria wana njaa, na sisi tuna malimau.

Lakini msimu ukifika, napita mashambani na kuona malimau yanaoza chini ya miti. Nikiuliza kwa nini hayakuchumwa, mkulima hunijibu: "Bwana shamba, bei ya gunia haitoshi hata kumlipa mchumaji." Jibu hilo ni la kweli. Kila mtu akiwa na malimau, mnunuzi ndiye anayepanga bei.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mbegu, miche na mbolea. Lakini kilimo hakiishii shambani. Tunda lililotiwa kazi ya mikono lina bei kuliko tunda lililotupwa guniani. Ndiyo maana leo nakueleza habari ya vipande vya limau vya kuoka. Chini ni kitako kigumu kidogo, kama biskuti. Juu ni tabaka laini la mayai, sukari na limau.

Kikundi cha kina mama watano hapa kijijini walivijaribu. Mara ya kwanza vilikuwa vikali mno. Mtoto mmoja alionja, akafumba macho, akatema. Mara ya pili waliongeza sukari nyingi, na ladha ya limau ikapotea. Mara ya tatu walipima kwa kikombe na kuandika. Hapo walifaulu.

Uchachu na uchungu

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Uchachu wa limau unatoka katika maji yake. Huo ndio tunaoutaka. Uchungu unatoka katika nyama nyeupe iliyo chini ya ganda, na katika kokwa. Huo hatuutaki. Sukari hupunguza makali ya uchachu, lakini uchungu ukiingia hautoki vizuri.

Basi chuma malimau yaliyokomaa na kuwa manjano mtini. Limau likishachumwa haliongezi utamu. Acha yaliyopasuka au kuoza. Yaoshe. Paruza ganda la juu tu, lile la manjano. Ukiona weupe, simama. Kisha bingirisha limau mezani kwa kiganja ili litoe maji mengi. Kamua, na uchuje kokwa.

Kamulia katika bakuli la udongo, la kioo au la plastiki. Usiweke maji ya limau katika sufuria ya alumini. Uchachu hula madini hayo, na chakula hupata ladha ya chuma.

Vipimo

Tumia kikombe kimoja cha chai kwa kila kitu. Usihesabu malimau, maana moja ni kubwa na jingine ni dogo. Pima maji yake.

Kitako: unga wa ngano kikombe 1, sukari robo kikombe, siagi nusu kikombe, chumvi kidogo sana.

Tabaka la juu: mayai 2, sukari robo tatu ya kikombe, maji ya limau robo kikombe, unga vijiko 2 vya chakula, ganda lililoparuzwa nusu kijiko cha chai.

Vipimo hivi vinatosha sufuria ya upana wa sentimita 22 hivi.

Kuonja

Hapa ndipo penye siri. Changanya kwanza maji ya limau na sukari peke yake. Koroga mpaka sehemu kubwa ya sukari iyeyuke. Onja sasa, kabla ya kutia mayai, kwa sababu mayai mabichi yanaweza kuleta ugonjwa. Mchanganyiko uwe mkali kidogo kuliko unavyotaka, kwani mayai na unga vitaupunguza.

Ukiona ni mkali mno, ongeza sukari kijiko 1, koroga, onja tena. Usiongeze maji, maana tabaka halitashika. Usitie magadi, maana magadi huua uchachu wenyewe. Kama huna malimau, tumia ndimu, lakini anza na vijiko 3 vya chakula.

Kuoka

Si lazima uwe na jiko la umeme. Chukua sufuria kubwa, weka mawe madogo matatu ndani, na juu yake weka sufuria ya kuokea. Funika kwa mfuniko wa bati, kisha palia makaa juu. Moto wa chini uwe mdogo.

Tandika ndani ya sufuria ya kuokea karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta. Usitumie gazeti, maana wino hauliwi. Gazeti ni la kusoma.

Sugua siagi, sukari, unga na chumvi ya kitako kwa vidole. Shindilia chini ya sufuria. Oka kama dakika 20, mpaka kitako kigeuke rangi kidogo. Ukimimina tabaka la juu kabla kitako hakijaiva, kitakuwa uji.

Sasa piga mayai kidogo, changanya na limau, sukari, unga na ganda. Mimina juu ya kitako kikiwa bado cha moto. Oka tena dakika 20 hadi 25. Tikisa sufuria polepole. Katikati pasipochezacheza, epua. Acha vipoe kabisa ndipo ukate. Ukikata vya moto, vitabomoka.

Kuuza kwa haki

Vipande hivi vina mayai. Vifunike, nzi wasitue, na uviuze siku hiyo hiyo.

Usimdanganye mnunuzi kwamba ni dawa. Ni kweli limau bichi lina vitamini C. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau, na hao wakapona kiseyeye haraka kuliko wenzao. Lakini moto hupunguza vitamini hiyo. Kwa afya, kamulia limau bichi kwenye samaki au mchicha wako baada ya kuepua. Vipande ni vya kufurahisha ulimi.

Mwisho, chukua daftari. Andika bei ya unga, sukari, siagi, mayai na makaa. Andika na malimau, hata kama ni ya shambani kwako. Jumlisha. Gawanya kwa idadi ya vipande. Hapo utajua kila kipande kimekugharimu kiasi gani, nawe utapanga bei mwenyewe. Wale kina mama watano waliona kwamba siagi ndiyo iliyokula fedha nyingi kuliko vyote. Bila kuandika wasingalijua. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Malimau unayo. Pima, onja, andika.