Hesabu ya Baki

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunisoma nikijadili bajeti, mikataba ya madini na hali ya elimu yetu. Leo nitaandika juu ya mguu wa kitanda. Naomba mnivumilie, kwani mwishoni nitarudi palepale mliponizoea.

Kitanda chenyewe ni cha mama yangu, mjini Shinyanga. Alikitengeneza baba yangu mdogo, seremala na mkereza wa siku nyingi, wazazi wangu walipooana. Ni cha mninga. Miguu yake minne imekerezwa, na kila mguu umezungukwa na mifereji 24 myembamba inayoteremka kutoka juu hadi chini. Mwaka jana tuligundua kwamba mchwa wameula mguu mmoja ukabaki ganda. Nilipendekeza kitanda kipya, mama akakataa katakata. Nikamwomba baba mdogo achonge mguu mwingine, akaninyoshea mikono yake nione inavyotetemeka. Kerezo lake, lililokuwa likiendeshwa kwa kukanyagwa na mguu, liliuzwa zamani kama chuma chakavu.

Ndipo nikamkumbuka kijana mmoja wa Katoro, mkoani Geita. Aliwahi kusoma chuoni kwetu na akaondoka bila shahada. Nilikuwa nimesikia kwamba anakereza mbao kwa mashine aliyoiunda mwenyewe. Tukaufunga mmoja wa miguu mizima ndani ya kitenge, tukapanda gari mimi na baba mdogo, tukapitia Kahama na Kakola hadi Geita, kisha Katoro.

Karakana nyingi za Katoro zinaishi kwa dhahabu. Humo hutengenezwa makarasha ya kusagia mawe, na humo hukarabatiwa pampu za kuvuta maji mashimoni. Kijana wetu naye hula kwa kazi hiyo mchana. Jioni hugeukia kerezo lake.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mwalimu," alitupokea, akatuwekea viti kabla ya kutuuliza shida yetu. Baba mdogo hakukaa. Aliizunguka ile mashine mara mbili, kimya, kama mtu anayemkagua ng'ombe mnadani.

Kerezo la kawaida huuzungusha mti mfululizo huku fundi akiushikia patasi. Hili limefungwa mota mbili za aina ya pekee. Mota tuliyoizoea ukiipa umeme hukimbia mpaka uuzime. Hii haikimbii. Kila inapopokea mpigo mmoja wa umeme husogea hatua moja na kusimama. Hatua 200 hukamilisha mzunguko mmoja, na kifaa kinachoiendesha kimepangwa kuigawa kila hatua vipande 16, hivyo mzunguko mzima una vipande 3,200. Mota ya kwanza huugeuza mti. Ya pili husukuma kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi, kikasafiri kwa urefu wa mti na kuacha mfereji nyuma yake. Kisha kisu hurudi, mti hugeuka kidogo, na mfereji wa pili huanza. Anayehesabu yote hayo ni kompyuta ndogo inayoenea kiganjani.

Kazi ya kuugawa mduara kwa ajili ya pambo ni ya zamani. Mafundi wa Lamu na Siyu wamekereza miguu ya vitanda kwa vizazi vingi. Jijini London, tangu mwishoni mwa karne ya 18, karakana ya Holtzapffel iliunda makerezo ya mapambo yaliyogawa mduara kwa sahani zenye safu za matundu. Mashine za ukoo huohuo zilikuja kuchora ile mistari iliyosukana kwenye noti za benki, ili mghushi ashindwe kuiiga. Noti zetu wenyewe za mwaka 1966 zilichapwa Uingereza. Kijana wa Katoro ameziacha sahani za matundu, akaweka hesabu mahali pake.

Na hesabu ndiyo iliyomwangusha. Mguu wa kwanza ulipokamilika ulipendeza machoni pangu. Baba mdogo aliuchukua, akaupitisha ukucha juu ya matuta yaliyo kati ya mifereji, akauzungusha taratibu, kisha akasimama mahali pamoja.

"Hapa, mwanangu. Tuta hili ni nene kuliko wenzake."

Kijana alipima. Ilikuwa kweli: tofauti ilikuwa chini ya milimita moja. Alikagua mikanda, akakaza skrubu, akachonga gogo lingine la majaribio. Tuta nene likarudi palepale, kati ya mfereji wa mwisho na ule wa kwanza.

Baba mdogo akaomba karatasi. Alikata utepe, akauzungushia mguu wake wa zamani, akakata pale ncha zilipokutana. Akaukunja mara tatu, kisha nusu, nusu tena, na nusu tena. Alipoukunjua ulikuwa na sehemu 24. "Mimi niligawa mti wenyewe," alisema. "Wewe umegawa nini?"

Kijana alitazama zile alama za mikunjo kwa muda, akachukua kalamu. Vipande 3,200 kugawa kwa 24 ni 133, na baki 8. Programu aliyoiandika ilitumia namba nzima tu. Kila mara iliugeuza mti vipande 133 na kuisahau theluthi iliyobaki. Theluthi ya kipande haionekani kwa jicho lolote. Lakini ilisahauliwa kila mara, na pengo lote likaja kulimbikizwa kwenye tuta la mwisho. Dawa ilipatikana usiku uleule bila kununua kitu: ageuze 133, kisha 133, kisha 134, halafu aanze upya. Kila mifereji mitatu hufanya vipande 400, na mara nane ya 400 ni 3,200 kamili. Baki halikutupwa, liligawanywa. Mguu uliotoka asubuhi baba mdogo aliupitishia ukucha kuanzia mwanzo hadi mwisho, akauzungusha tena, akasema, "Wabeja."

Sasa niseme jambo ambalo nimelikwepa tangu mwanzo. Kijana huyu alidisko akiwa mwaka wa tatu. Katika somo moja alilorudia, alama yake ilipungukiwa na kiwango cha kufaulu kwa chini ya alama moja. Shauri lake lililetwa kwenye kikao, na mimi nilikuwamo. Mwenzetu mmoja alieleza kwamba mwanafunzi huyo alikuwa akitengenezea idara vifaa vya maabara vilivyokufa. Tukajibu kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba tofauti, hata ikiwa ndogo, ni tofauti. Nilinyoosha mkono pamoja na wengine. Kikao kilikuwa na majalada mengi siku ile, na nakumbuka nilikuwa na haraka.

Sisemi kanuni zivunjwe. Kerezo lenyewe lisingefaa kitu kama kila mpigo ungejiamulia urefu wa hatua. Ninachosema ni kwamba kanuni iliyoandikwa kwa namba nzima huacha baki, na baki hilo haliyeyuki. Linakwenda mahali, na mtu fulani hulibeba.

Watu wa kanda yetu wangepaswa kulijua hili kuliko wote. Mchimbaji mdogo wa Geita husaga mawe yake kwenye karasha, akakamata dhahabu kwa zebaki, na mchanga unaobaki tunauita marudio. Ndani ya marudio hayo mna dhahabu ambayo zebaki haikuifikia, na mara nyingi si haba. Mara nyingi marudio humbakia mwenye karasha, au huuzwa kwa bei ya chini kwa mwenye matangi ya sayanidi, naye ndiye anayekuja kuitoa. Aliyeshuka shimoni ameondoka na namba nzima. Utajiri wa baki umekwenda kwa mwingine.

Hata kwenye ngazi ya taifa tumebishana sana juu ya namba nzima. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3 chini ya sheria ya mwaka 1998, ukawa 4 kwa sheria ya mwaka 2010, na 6 mwaka 2017. Mabishano hayo yalikuwa na haki yake, nami nilishiriki. Lakini ujuzi hauonekani katika asilimia hizo. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, yenye karati zipatazo 54, ilikatwa London ikabaki na karati 23.6, ikawa zawadi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Nilipokuwa mtoto Shinyanga tulijivunia jiwe lile. Sikumbuki mtu yeyote aliyeuliza mikono iliyolikata ilijifunzia wapi, na kwa nini haikuwa mikono ya kwetu. Baadaye tulikuwa na kiwanda chetu cha kukata almasi, Tancut, kule Iringa, nacho kikafungwa.

Wakati wa kuondoka nilitaka kumlipa kijana zaidi ya bei aliyotaja. Alihesabu noti, akanirudishia zilizozidi. "Nilipe kama unavyomlipa fundi mwingine, mwalimu," alisema, bila hasira. Nadhani alielewa ninachotaka kukinunua, na alijua hakiuzwi karakanani kwake. Baba mdogo alimwachia ule utepe wa karatasi.

Kitanda cha mama sasa kimesimama kwa miguu minne. Mimi nimerudi chuoni, nimeandika pendekezo kwamba mwanafunzi anayepungukiwa na chini ya alama moja karatasi yake isomwe na mtahini wa pili kabla kikao hakijapiga kura, na kwamba kazi zake za vitendo zisomwe kwa sauti mbele ya wajumbe. Ni jambo dogo, na kwa kijana wa Katoro limechelewa. Nimeambiwa litaingizwa kwenye ajenda iwapo muda utaruhusu.

Ninakaribisha maoni yenu, hasa kutoka kwa walimu wenzangu ambao nao wamewahi kunyoosha mkono wakiwa na haraka.