Jina na Maana

Jina ni jepesi kwa ulimi lakini ni zito kwa akili. Ulimi hutaja neno. Akili hutafuta kitu kilichotajwa. Mtu akisema sokoni Embu kwamba anasafiri kwenda Meru, hakuna amwulizaye Meru ipi. Wote wajua kuwa atafuata barabara ya Chuka, akiuzunguka Mlima Kenya upande wa mashariki. Kompyuta haina ujirani huo. Kwake Meru ni herufi nne tu.

Fikiri, msomaji, uone ugumu wa jambo hili. Meru ni mji na kaunti nchini Kenya. Ni mlima pia, karibu na Arusha, Tanzania, uliopita mita 4,500. Wameru wako katika nchi zote mbili, nao ni watu mbalimbali wenye lugha mbalimbali. Embu ni mji na kaunti. Tena katika vinywa vya Wakenya wengi ni neno la kuhimiza, ambalo vitabu huliandika hebu. Kwa upande wa pili, kitu kimoja huwa na majina mengi. Mlima wa mita 5,199 ambao ramani huuita Kenya, Wakikuyu huuita Kirinyaga na Wameru huuita Kirimara. Siku moja nilitafuta katika intaneti habari za mvua ya Meru yetu, nikaletewa habari za kupanda mlima wa Arusha. Mashine haikusema uongo. Ilifananisha herufi, haikufahamu maana.

Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao wa kurasa mwaka 1989 alipokuwa akifanya kazi CERN, karibu na Geneva, aliliona pengo hili. Mwaka 2001 yeye, James Hendler na Ora Lassila walieleza katika jarida la Scientific American mtandao wa maana. Ndani yake kila kitu hupewa alama yake peke yake, na habari huandikwa kwa kauli fupi ambazo mashine yaweza kuziunganisha. Runyenjes imo katika Kaunti ya Embu. Kaunti ya Embu imo nchini Kenya. Mashine iliyopewa kauli hizi mbili, pamoja na kanuni ya kuziunganisha, hupata ya tatu ambayo haikuambiwa: Runyenjes imo nchini Kenya.

Wazo hili si geni katika lugha zetu. Tukisema Mmeru, tumetaja mtu. Tukisema Kimeru, tumetaja lugha. Silabi moja mbele ya jina huonyesha aina ya kitu. Wataalamu hutaka kuipa mashine kwa namba jambo ambalo mtoto hulipokea kwa mama yake bila kuhesabu.

Kazi hiyo haijakwisha. Wikidata, hazina ya maarifa iliyofunguliwa mwaka 2012, hukipa kila kitu namba yake, na mtu yeyote aweza kuongeza habari. Mashine za akili bandia nazo hukisia maana kwa kusoma maandishi mengi mno. Palipo na maandishi machache, hukisia gizani. Tena wakati hubadili mipaka. Katika miaka ya 1960 Chuka ilikuwa ndani ya Wilaya ya Meru. Leo imo katika Kaunti ya Tharaka-Nithi, iliyoanza kazi pamoja na kaunti nyingine mwaka 2013. Habari isiyo na mwaka huweza kupotosha, hata kama kila neno lake lilikuwa kweli siku lilipoandikwa.

Basi, msomaji kijana, usiwaachie wengine kazi hii. Uongo uliopewa namba ni uongo vile vile, na mashine haioni haya kuurudia. Andika habari za mto, soko na kilima chako kwa hakika, na utaje mwaka. Jina ambalo wenyeji hawakulieleza, mgeni atalieleza apendavyo.