Namba ya Ridi Si Cheo

Lindi, Novemba

Mpwa wangu Mwanaidi,

Huku nyumbani sisi ni wazima. Korosho zimeanza kuokotwa, na bibi yako anashinda uani akizianika. Mguu wake una nafuu. Mvua bado. Embe zimejaa na hazina wa kuzila, maana walaji wake mmehamia Dar es Salaam.

Ujumbe uliomwandikia binti yangu nimeusoma, na sikulala vizuri. Unasema umeingia bendi ya vijana, umepewa klarineti, na miezi mitatu ya mwanzo ilikwenda vizuri kwa ridi namba 2, kile kipande cha tete kinachotikisika ukipuliza. Kisha kijana mmoja anayepiga namba 4 akakwambia kwamba namba 2 ni ya watoto. Ukatoa akiba yako ukanunua boksi zima la namba 4. Sasa mdomo wa chini umechubuka kwa ndani, sauti inatoka na upepo mwingi kuliko muziki, na umeanza kusema labda klarineti haikuandikwa kwako.

Kabla hujarudisha klarineti ya watu, nisikilize mimi mjomba wako.

Nilipoingia bendi nilikuwa na miaka 20. Ilikuwa bendi ya sare, na penye sare kila kitu hupewa cheo. Kuna cheo cha begani, kuna cheo cha mstari unaosimama, na sisi vijana tukaziongezea cheo hata ridi. Wakubwa walipiga namba 3½ na 4, nami nikaona aibu kuonekana na namba ya kuruta. Nikaomba 4, nikapewa. Niliipiga zaidi ya mwaka mzima. Nilikuwa nauma kinywa cha klarineti kama mtu anayekata kamba kwa meno, na kila jioni nilisukutua mdomo kwa maji ya chumvi nikiamini kwamba ndivyo mpigaji anavyokomaa.

Siku moja tulikuwa kwenye gwaride, jua la saa sita, wimbo wa tatu au wa nne. Mdomo wangu ukafa ganzi. Vidole vinakwenda, kifua kinapuliza, sauti haitoki. Nilimaliza gwaride lile nikiwa bubu katikati ya bendi. Aliyejua ni mmoja tu, mzee wa klarineti aliyekuwa bega kwa bega nami. Jioni akaniita kwenye chumba cha vyombo. Hakunigombeza. Alitoa ridi yangu, akafunga mpya ya 2½, akasimama mlangoni na kuniambia: piga G ya chini, uanze polepole mpaka mimi hapa nisikusikie, uikuze hadi ijae chumba, kisha uirudishe ilikotoka. Nikapiga. Sauti iliyotoka sikuwa nimeisikia kwenye klarineti ile tangu nikabidhiwe. Nililia, Mwanaidi, na yule mzee akatazama pembeni mpaka nilipomaliza.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Klarineti nzuri huchongwa kwa mpingo, na mpingo wenyewe ni huu wetu wa misitu ya Kilwa na Lindi, na wa ng'ambo ya Ruvuma kule Msumbiji. Mti huo huchukua miaka 70 hata 100 kukomaa ndipo vipande vyake visafirishwe kwa mafundi wa nje, kama wale wa Buffet Crampon huko Mantes-la-Ville, Ufaransa. Ridi nayo ni tete, jamii ya majani kama ulivyo mwanzi. Tete linalosifiwa zaidi hutoka mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa; hukatwa likiwa na umri wa miaka kama 2, likaanikwa juani mpaka ligeuke rangi ya dhahabu. Tazama basi: mti wa miaka 100 hauna la kusema mpaka jani la miaka 2 litikisike. Pumzi yako kazi yake ni kulitikisa lile jani. Ukifunga ridi ambayo pumzi yako haiwezi kuitikisa, utageukia kuibana kwa taya, na taya haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Namba ya ridi si unene wake, ingawa wengi huamini hivyo. Kiwandani ridi za aina moja hukatwa kwa umbo moja, kisha kila moja hupimwa inavyokubali kupinda. Ile laini hupewa namba ndogo, ile kaidi hupewa kubwa. Ni tete lenyewe linalotofautiana, kama mihogo ya shamba moja. Muulize mama yako, kwa kuwa yeye na cherehani ni watu wa siku nyingi: sindano namba 16 ni bora kuliko namba 11? Atakwambia 16 ni ya jinzi na 11 ni ya hariri, na anayeshona hariri kwa 16 anaitoboa tu.

Kitambaa chako wewe ni kinywa cha klarineti, kile kipande cheusi cha juu. Kati ya ncha yake na ncha ya ridi pana uwazi mdogo, milimita 1 na ushee. Uwazi ukiwa mpana, ridi husafiri mbali zaidi kila inapotikisika, kwa hiyo hutaka kuwa laini. Uwazi ukiwa mwembamba, hubeba ridi ngumu zaidi bila shida. Vinywa vya Vandoren viwili tu, B45 na 5RV, vinapishana: cha kwanza kina uwazi wa karibu milimita 1.2, cha pili karibu 1.07. Mpigaji wa 5RV anaweza kutumia namba 3½ bila jasho, mwenzake wa B45 akaishia 2½, na wote wawili wakawa mabingwa. Je, umemuuliza yule kijana anapulizia kinywa gani? Hata namba zenyewe hazisemi lugha moja. Namba 2½ ya Vandoren ya boksi la bluu ni ngumu kuliko 2½ ya Rico ya boksi la rangi ya chungwa. Na ndani ya boksi moja la ridi 10 utakuta mbili tatu ngumu, mbili tatu legevu.

Sasa nakuagiza, na hili usilibishie. Lile boksi la 4 liweke kabatini. Usizikwangue ridi zile kwa msasa ili zilainike. Hiyo ni kazi ya mkono uliozoea. Chukua 2½, iloweke kwenye maji safi dakika moja au mbili, uifunge ukiacha weusi wa ncha ya kinywa uonekane juu yake kama unywele. Ukiisogeza juu kidogo huwa ngumu, ukiishusha huwa laini. Kisha ipe mitihani aliyonipa yule mzee. Kwanza hiyo G ya chini, kutoka kimya hadi kimya. Pili, vuka daraja: toka A ya katikati, ambayo vidole karibu vyote viko hewani, uende B ya juu yake, ambayo vidole vyote vimeziba. Tatu, panda C ya juu, uipige kwa upole.

Sikio lako ndilo litakaloamua. Ikiwa sauti ni nyembamba na inavuma kama nzi kwenye chupa, noti za juu zinalegea chini ya wenzako, na ukipuliza kwa nguvu ridi inajifunga na kukukaba, basi ni laini mno, panda nusu namba. Ikiwa sauti inachelewa kuanza, inatoka na shii ya upepo, na huwezi kupiga polepole bila kuuma, ni ngumu mno, shuka. Wanafunzi wengi huanza 2 au 2½ na kufika 3 baada ya muda, mdomo unapopata nguvu. Hakuna tarehe ya kupanda. Wewe umepiga miezi mitatu, na pengine 2 yako ilikuwa ingali inakufaa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini si kila sauti mbaya ni kosa la ridi. Ukikwaruza kwenye daraja, angalia kwanza kama kidole cha pete cha mkono wa kulia kimeziba tundu lake sawasawa. Wengi hubadilisha ridi kumi kwa kosa la kidole kimoja.

Ridi mpya usiichoshe. Siku ya kwanza dakika tano, ya pili kumi. Zungusha ridi tatu au nne, usiiue moja. Ukimaliza ifute, uilaze mahali tambarare kwenye kikasha chake. Nilipopelekwa Dodoma kwa miezi kadhaa, hewa kavu ya kule ilizipinda ncha za ridi zangu mpaka zikawa kama mawimbi, maana nilizoea kuziacha ovyo kwenye unyevu wa pwani. Piga mswaki kabla ya mazoezi. Wala usimwazime mtu ridi yako, awe rafiki wa namna gani. Kitu cha mdomoni ni cha mtu mmoja.

Dada yangu, najua barua hii unaisoma nyuma ya bega la mwanao. Usimgombeze kwa hela za lile boksi. Ni hela ya shule kama hela nyingine.

Mwanaidi, mwishoni mwa wiki binamu yako anakuja huko na gunia la embe. Ndani ya kibuyu kidogo kilichofungwa kitambaa utakuta boksi la 2½ nililolitunza tangu nistaafu. Sijatia hata moja mdomoni. Pumzisha mdomo siku tatu kwanza mpaka upone, hata kama mwalimu atauliza. Mwambie mjomba wako amesema. Kisha zijaribu zote 10, kila moja uiandikie namba kwa penseli mgongoni, na unitumie neno: ni ya ngapi iliyokupa C ya juu kwa upole?

Bibi anakusalimu, na anauliza kama unakula.

Mimi mjomba wako,
Salum