Mnavu wa Uani

Mvua za Oktoba zilipoanza hapa Gitega, magugu ya uani kwetu yaliyashinda maharagwe. Mwenye nyumba alitutaka tuyang'oe. Mwenzangu wa chumbani akaanza kuyatupa, nami nikamzuia: “Ngoja, hizo ni mboga!” Muhula huo tulikuwa tumejifunza majina ya mimea kwa Kiswahili, na kichwa kilinivimba kidogo. Lengalenga hakuna Mrundi asiyelijua, ndilo mchicha. Icanda ni kishonanguo. Miche mingine yenye majani mapana na laini nikaiita mnavu.

Nilichuma, nikachemsha, nikatia chumvi na mawese. Pesa za chakula zilikuwa zimetuishia, kwa hiyo hatukuchagua. Mwenzangu alikula kunizidi. Haukupita muda koo likamkauka, mboni za macho zikapanuka, akawa anazungumza na mtu asiyekuwepo. Alilazwa siku mbili. Nilichokiita mnavu kilikuwa mnanaha.

Likizo ilipofika nilipanda basi kupitia Karusi hadi Muyinga, kwa bibi yangu aliyenilea kwa Kiswahili.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Ndiye wewe uliyetaka kuua mtoto wa watu?”

Hakucheka. Alinishika mkono tukaenda nyuma ya nyumba. Macho yake yamefifia, siku hizi huchuma kwa vidole na pua. Alifikicha jani la mnanaha akanisogezea: lilinuka vibaya, harufu ambayo ningeijua kule Gitega kama ningejisumbua kunusa. Kamusi yangu inaeleza kwamba majani ya mnavu huliwa kama mboga. Ni kweli, lakini kamusi haina harufu.

Ikishakua, mimea hii haifanani. Mnavu hutoa maua madogo meupe na vitunda vya mviringo vinavyoiva vyeusi. Mnanaha una ua refu kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Balaa ni ikiwa michanga, maana ni ya ukoo mmoja, pamoja na nyanya na viazi. “Usipoliona ua lake, usiuchume,” bibi alisema. Vitunda vibichi vya mnavu navyo alinikataza.

Siku hiyo alipika mnavu. Alimwaga maji ya kwanza, akatia karanga za kutwanga, tukala na ugali wa muhogo. Uchungu ulibaki kidogo nyuma ya ulimi, nikaongeza sahani ya pili. Kishonanguo, kusema kweli, sikukipenda. Bibi mwenyewe alikiri kwamba hukila pale tu ambapo hakuna kingine.

Nilirudi Gitega na fungu la mnavu, maua yake yakiwa bado juu. Mwenzangu aliyatazama, akanusa jani moja, hakusema neno. Nilipopakua alikaa mbali na sahani.

“Anza wewe,” akaniambia.

Nilianza. Alinitazama machoni karibu saa nzima, mboga ikapoa kabisa, ndipo akavuta sahani yake.